Seva Ndogo ya Nyumbani: Fedha Iende Wapi?

Vijana wengi hutuuliza: mtu akitaka kuweka nyumbani seva ndogo ya kuhifadhi faili za jamaa wote, anunue chombo cha namna gani? Swali hili ni jema, kwani hazina za nyumba zetu hivi leo hazimo tena katika sanduku la mama. Picha za arusi, sauti ya babu aliyekwisha kufariki, nakala za vyeti na hati za shamba, vyote vimo katika simu. Na simu huibiwa, huanguka majini, hupasuliwa na mtoto. Cheti chaweza kutafutwa tena ofisini. Sauti ya babu haipatikani tena kwa fedha yoyote.

Twapenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba aghlabu ya wanaoingia dukani kwa jambo hili huuliza kwanza khabari ya prosesa, ilhali yawapasa kuuliza kwanza khabari ya diski.

Seva ya faili ni mtunza ghala tu. Akiletewa mzigo huupokea, akitakwa huutoa. Waya wa mtandao wa gigabiti moja, ambao ndio wa kawaida majumbani, haupitishi zaidi ya megabaiti 110 hivi kwa sekunde; na diski moja kubwa ya kuzunguka ya siku hizi yaweza kusoma megabaiti 150 na zaidi katika sekunde hiyo hiyo. Mlango ni mwembamba kuliko ghala. Basi kuajiri mpagazi wa kubeba mizigo kumi kwa safari, hali mlango wapitisha mmoja, ni kutupa fedha. Mwenye kutaka seva imgeuzie filamu ili zionekane katika kila televisheni, huyo ana hoja ya prosesa. Lakini hiyo ni kazi nyingine.

Ama vyombo vyenyewe, kijana mwenye fedha kidogo hutazama kwanza Raspberry Pi. Ile ya nne, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo ya kwanza katika jamii yake kuwa na tundu la mtandao la gigabiti kamili pamoja na USB ya tatu, na umeme wake ni wati chache tu. Kwa kujifunzia hatuna neno nayo. Lakini diski zake huning'inia nje kwa nyaya za USB, na diski kubwa hapana budi zipate umeme wa peke yake. Paka akivuta waya, faili zimo hatarini.

Kompyuta za ofisi zilizokwisha tumika ni nzuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani, ila zile ndogo kabisa, zinazotoshea nyuma ya televisheni, aghlabu hazina nafasi ya diski kubwa ya inchi 3.5. Afadhali kununua ile iliyoizidi kidogo kwa kimo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko. Hesabu nafasi za diski, na matundu ya kuziunganisha, na nyaya za umeme wake. Mwenye kukipata kisanduku cha HP MicroServer, ambacho kimeundwa kubeba diski nne, amepata chombo cha kazi hii khasa, hata kikiwa cha zamani. Na mwenye kununua kipya, sisi twampendekezea bodi yenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023: kiwango chake ni wati 6, na kwa nyumba moja yatosha na kuzidi. Hapo pia ahesabu matundu ya diski, maana bodi nyingine zina moja tu. Memori ya gigabaiti 8 yatosha.

Tumetaja wati kwa sababu chombo hiki hakilali. Seva inayokula wati 20 usiku na mchana humaliza yuniti 175 hivi kwa mwaka. Kompyuta ya kale ya mezani iliyopewa bure, ikila wati 70, humaliza yuniti 613. Mwenye nyumba na azidishe kwa bei ya umeme anayolipa, aone kama bure ile ni bure.

Sasa tuje kwenye diski. Picha moja ya simu tukiikadiria megabaiti 4, terabaiti moja hubeba picha 250,000. Kwa hiyo nyumba nyingi hazina haja ya diski za kutisha kwa ukubwa. Zinunuliwe mbili zilizo sawa, ziwekwe kama kioo: kila linaloandikwa katika hii liandikwe na katika ile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Lakini si kila diski yafaa. Mwezi wa Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za jina la Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva kama hizi, zilikuwa za mtindo uitwao SMR. Katika mtindo huo njia za kuandikia hupandishwa, moja juu ya ukingo wa nyingine, kama makuti juu ya paa. Nafasi hupatikana nyingi; lakini anayetaka kubadili kuti la chini sharti aandike upya na yaliyolilalia. Diski moja ikifa na mpya ikaanza kujazwa, kazi huchukua muda mrefu mno, au hukatika njiani, wakati ambapo nyumba imebakiwa na nakala moja tu. Basi soma karatasi ya maelezo ya diski, utafute herufi CMR. Usipoziona, iache dukani.

Seva isifungiwe kabatini, kwani joto na chumvi ya pwani huharibu. Betri ya UPS nayo si anasa, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika.

Na kile kioo kisidhaniwe kuwa ni akiba. Mtoto akifuta picha katika diski moja, hufutika na ya pili saa ile ile. Na mwizi akiichukua seva, huchukua zote mbili. Kwa hiyo bei ya diski ya tatu itengwe kabla ya kuchagua prosesa. Ijazwe kila mwezi, kisha ichomolewe, ikakae kwa shangazi katika mtaa mwingine, pamoja na karatasi yenye neno la siri, ili aliyeiweka seva akisafiri au akifariki, waliobaki waweze kuifungua.