Neno "Hadi" na Kibaba cha Intaneti

Mkulima apelekaye mahindi yake katika soko la Kibaigwa hutazama mambo mawili kabla ya kupokea fedha: mizani na gunia. Mizani ikiwa imechezewa, jasho lake la msimu mzima limepungua; na gunia likijazwa mpaka likavishwa kilemba, yaani lumbesa, amempa mnunuzi mahindi ambayo hakulipwa. Kwa ajili hiyo nchi yetu ina Sheria ya Vipimo, ina Wakala wa Vipimo, na gunia la mazao limekatazwa kuzidi kilo 100. Sisi watoto wa Dodoma twalijua neno lumbesa tangu utotoni.

Nimeanza na mahindi, lakini nataka kusema habari za intaneti. Siku hizi intaneti nayo huuzwa kwa kipimo, na watu wengi huinunua bila ya kuiona mizani. Rai yangu ni moja: kampuni iuzayo intaneti ya nyumbani yapasa kumwambia mnunuzi, kabla hajalipa, kasi ya chini atakayoipata wakati wa usiku watu wote wakiwa nyumbani, wala si kasi ya juu tu ambayo huenda akaipata wakati watu wamelala.

Jambo hili nililiona kwetu Nkuhungu katika likizo iliyopita. Baba ni fundi seremala. Alinunua kisanduku cha ruta, akawa analipa shilingi 70,000 kila mwezi, maana karatasi ya tangazo ilisema "kasi hadi megabiti 30". Kwa fundi seremala fedha hizo ni faida ya kitanda kizima. Alizitoa kwa moyo mweupe kwa sababu mbili. Mimi nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa Novemba, nami nilitaka kutazama masomo ya Fizikia. Dada yangu, aliyemaliza Kidato cha Sita, alikuwa akipeleka maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na maombi hayo hupelekwa kwa njia ya mtandao pamoja na hati zake zote.

Usiku wa kwanza dada alijaribu kupeleka hati zake mara nne, na mara nne zikakwama katikati. Kesho yake alipanda daladala hadi mjini, akalipa stesheneri ili apelekewe zile zile hati. Kwa hiyo Baba alilipa mara mbili kwa kazi moja, na nauli juu yake.

Mimi nilikasirika, lakini nikakumbuka ambavyo mwalimu wetu wa Fizikia hutuambia, kwamba hasira si kipimo. Nikachukua daftari. Kwa siku 7 nilipima kasi mara tatu kila siku: saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Kila mara nilisimama karibu na ruta, nikiwa na simu moja tu, na nyingine zote zimezimwa. Alfajiri nilipata megabiti 26, mara nyingine 28. Mchana zilikuwa 14 au pungufu. Usiku hazikuzidi 4 hata siku moja, na usiku wa Jumapili zilikuwa 2.

Yafaa nikiri kosa letu pia. Siku mbili za mwanzo ruta ilikuwa chini ya meza ya televisheni, nyuma ya sufuria za Mama. Nilipoipandisha dirishani, upande wa mnara, kasi ya mchana ilipanda kutoka 9 hadi 14. Kumbe tulikuwa tukijipunja wenyewe. Lakini kasi ya usiku haikubadilika, na huo ndio wakati ambao watu wa nyumbani kwetu huihitaji intaneti.

Baba alipoliona daftari, aliipigia simu kampuni. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nzuri. Alimwamkia, akasikiliza, kisha akasema, "Mzee, kifurushi chako ni cha hadi thelathini. Hata ukipata mbili, bado uko ndani ya hadi." Baba alinyamaza kidogo, akamjibu, "Haya mwanangu. Basi mwezi ujao nami nitalipa hadi elfu sabini. Nikileta elfu tano, bado nitakuwa ndani ya hadi." Yule kijana alicheka, na sisi tukacheka, lakini tarehe ya malipo ilipofika, Baba alilipa 70,000 kamili, maana upande wake wa mkataba hauna "hadi".

Hapo ndipo penye ubishi wangu wote. Katika biashara ile ile, kati ya watu wale wale wawili, mmoja hulipa kiasi kamili na mwingine hutoa kiasi apendacho.

Sasa tuzitazame sababu, kwani si haki kumlaumu mtu kabla ya kuijua kazi yake. Kwanza ni kipimo chenyewe. Matangazo hutumia megabiti, lakini ukubwa wa faili katika simu huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 30 kwa sekunde ni megabaiti 3.75 tu. Somo la video lenye megabaiti 150 ni megabiti 1,200. Kwa kasi ya 30 litafika kwa sekunde 40. Kwa kasi ya 2 litachukua dakika 10. Asiyejua tofauti hii hudhani ameibiwa hata asipoibiwa. Naye aliyeibiwa kweli hawezi kusema ameibiwa kiasi gani. Tena karatasi ile ya tangazo ilitaja kasi moja tu, ile ya kupokea. Kasi ya kupeleka, ambayo ndiyo dada aliyoihitaji, haikutajwa kabisa.

Pili, mnara mmoja wa simu ni kama bomba moja la maji la mtaa. Alfajiri ukifika peke yako, ndoo hujaa upesi. Jioni wakija watu wote na ndoo zao, maji ni yale yale lakini kila mtu hupata kidogo kidogo. Mawimbi ya redio yana mpaka wake, na watumiaji wote wa mnara hugawana kile kilichopo. Nao watumiaji wameongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dodoma na watu 2,083,588. Ile ya mwaka 2022 iliukuta na watu 3,085,625. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku, mitaa mipya imeota kila upande wa mji. Kampuni iongezayo wateja bila ya kuongeza minara inagawa kibaba kile kile kwa vinywa vingi zaidi.

Tatu, intaneti yetu husafiri mbali. Sehemu kubwa hutoka ng'ambo kwa nyaya zipitazo chini ya bahari, hufika Dar es Salaam, kisha hupanda bara kwa mkongo wa mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na nchi yetu nzima ikaona shida. Siku kama hiyo hakuna mwenye akili atakayeilaumu kampuni ya mtaani kwake. Lakini nyaya za bahari hazikatiki kila siku saa 3 usiku na kuungwa tena saa 11 alfajiri. Upungufu urudiao kila usiku si ajali; ni jambo linalojulikana, na kama linajulikana, laweza kuandikwa katika tangazo.

Yuko atakayesema, "Intaneti si mahindi, haiwezi kupimwa kwa pishi." Namjibu kwamba wengine wamekwisha ipima. Uingereza nao walikuwa na neno hili hili katika matangazo ya intaneti ya nyumbani ipitayo katika waya. Zamani kampuni iliweza kutangaza kasi ya "hadi" kiasi fulani ikiwa wateja 10 tu katika kila 100 waliipata. Tangu tarehe 23 Mei 2018 kanuni za matangazo zilibadilishwa: kasi itangazwayo yapasa iwe ile ipatikanayo na angalau nusu ya wateja, tena wakati wa msongamano, yaani kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kisha, kuanzia tarehe 1 Machi 2019, makampuni yaliyokubali mwongozo wa msimamizi wao, Ofcom, yalipaswa kumtajia mnunuzi kasi ya chini kabisa atakayodhaminiwa. Ikishuka chini ya hapo, na kampuni ikashindwa kuirekebisha katika siku 30, mteja aweza kuuvunja mkataba bila ya kutozwa faini. Makampuni hayo hayakufa kwa kusema kweli.

Mwingine atasema kwamba intaneti ya mnara hubadilika kuliko ile ya waya. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumwambia mnunuzi. Mwingine atasema kwamba kudhamini kasi ya chini kutapandisha bei. Lakini mimi siombi kampuni inipe 30 usiku kucha. Naomba iniambie kweli. Kama usiku uwezo wake ni 4, na iandike 4. Baba ataamua mwenyewe kama 4 zafaa shilingi 70,000, au achukue kifurushi kidogo zaidi, au ahamie kwa mwingine. Kampuni iliyojenga minara ya kutosha itapata wateja kwa haki, na iliyojenga maneno tu itajulikana.

Wala hatuanzi katika nchi isiyo na sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kwa maneno. Ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na zipo kanuni za ubora wa huduma zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mteja mwenye malalamiko huanza kwa kampuni yake, na asiporidhika huyapeleka kwa Mamlaka. Mlango upo. Ila anayebisha mlango huo akiwa na maneno matupu, "intaneti yangu ni ya polepole", hana tofauti na mkulima asemaye gunia lake lilikuwa zito bila ya kulipima. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wazazi wetu: kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji swali moja tu, "Saa 3 usiku, hapa mtaani kwangu, nitapata ngapi?" Akijibu kwa hesabu, mwambieni aiandike kwenye risiti. Akijibu kwa "hadi", mjue hajajibu.

Kwa wenye mamlaka: tunaomba kila tangazo la intaneti ya nyumbani liwe na kasi tatu, nazo ni ya juu, ya chini wakati wa usiku, na ya kupeleka, zote kwa herufi za ukubwa mmoja. Gunia likipewa mpaka wake, na kasi ipewe mpaka wake.

Kwa wanafunzi wenzangu: hapa shuleni hatuna simu, na si vibaya, lakini tutakapofunga shule kila mmoja atarudi kwao, huyu Mpwapwa, huyu Kondoa, huyu Manyoni, huyu Singida. Twendeni na daftari moja. Tupime alfajiri, mchana na usiku kwa siku 7, tuandike tarehe na saa, na tuiweke ruta mahali pazuri kwanza ili tusimsingizie mtu. Muhula ukifunguliwa tuyakusanye madaftari, na walimu wetu wa Hisabati watusaidie kutafuta wastani. Hesabu tulizojifunza hapa zitakuwa zimewafaa wazazi wetu wanaotulipia.

Dada alikwisha peleka maombi yake, na twangoja majibu. Baba bado analipa 70,000 kila mwezi, na mimi niliporudi shuleni nilimwachia daftari lile juu ya meza. Amenitumia salamu kwa mwalimu wa zamu kwamba anaendelea kuandika, na kwamba usiku wa juzi zilikuwa 3. Ahadi ni deni. Na mwenye kudai deni hana budi kujua ni kiasi gani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne