Samaki wa Barafu katika Jiji Lisilo na Ziwa

UWANDA WA KATI
Safu ya kila wiki, na Yona Masima

Jiji la Dodoma limejengwa juu ya uwanda ulioinuka takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, katika nchi inayopata mvua ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na ambayo mito yake mingi ni makorongo yanayofurika kwa siku chache kisha kubaki mchanga mtupu hadi mwaka unaofuata. Bahari iko kilomita zipatazo 450 kwa barabara upande wa mashariki, na Ziwa Victoria liko mbali zaidi ya hapo, upande wa kaskazini-magharibi. Hata hivyo samaki ni kitoweo cha kawaida katika nyumba za Dodoma, na wengi wa samaki hao hupatikana katika duka dogo lenye friza mbili au tatu na mizani juu ya meza, ambalo watu huliita bucha la samaki kwa kulifananisha na bucha la nyama. Hoja ya safu hii ni kwamba friza ya duka hilo imekwisha kuwa ghala la chakula la mwenye kipato kidogo, na kwamba kwa sababu hiyo inastahili kulindwa na kukaguliwa kwa umakini uleule unaostahili ghala la nafaka.

Neno ghala halitumiki hapa kwa kupamba. Wagogo, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya uwanda huu, waliishi kwa karne nyingi katika nchi ya njaa za mara kwa mara kwa kuifahamu vizuri elimu ya kuhifadhi: majani ya mlenda na ya kunde yalichumwa wakati wa masika yakiwa tele, yakaanikwa juani, yakatwangwa au kufikichwa, kisha yakawekwa akiba ya kiangazi. Kanuni iliyo nyuma ya kazi hiyo ndiyo iliyo nyuma ya friza, ingawa vyombo havifanani. Bakteria na ukungu, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huozesha chakula, haviwezi kukua pasipo maji. Jua huyaondoa maji hayo yakawa mvuke, ilhali baridi kali huyafunga yakawa barafu, na kwa njia zote mbili viumbe hivyo hukosa mahali pa kufanyia kazi yao. Tofauti moja ni kubwa, nayo ndiyo chanzo cha matatizo mengi yatakayoelezwa hapa chini: mboga iliyokauka hubaki kavu bila kumgharimu mtu senti, lakini samaki aliyeganda hubaki ameganda kwa muda ule tu ambao umeme upo na mlango wa friza umefungwa.

Biashara ya vyakula vilivyogandishwa na kufungwa kwa ajili ya rejareja si ya zamani sana. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyekaa Labrador, pwani ya Kanada, katika miaka ya 1910, aliona jinsi Wainuit walivyowaacha samaki waliovuliwa karibuni wagande papo hapo katika upepo wa baridi kali, na jinsi samaki hao walivyobaki na ladha yao hata baada ya miezi. Mwaka 1930 bidhaa alizogandisha kwa mitambo ziliuzwa kwa mara ya kwanza katika maduka ya mji wa Springfield, Massachusetts. Siri aliyoishika ilikuwa kasi. Maji yakigandishwa haraka hufanya chembe ndogo za barafu ambazo haziumizi nyama. Yakigandishwa polepole hufanya chembe kubwa zenye ncha ambazo hutoboa kuta za seli, na nyama hiyo inapoyeyuka huachia maji mengi, ikabaki laini kupita kiasi na isiyo na utamu. Kwa hiyo samaki aliyegandishwa kiwandani saa chache baada ya kuvuliwa anaweza kuwa bora kuliko yule anayeitwa mbichi aliyesafiri usiku kucha ndani ya boksi lenye mabonge ya barafu, na mnunuzi wa Dodoma anayemkwepa samaki wa friza kwa kudhani kwamba ni duni anastahili kuifikiria upya imani hiyo.

Vyakula vya friza, hata hivyo, havilingani kwa thamani. Vibua, samaki wa bahari wa jamii ya jodari ambao ni wadogo, wenye mgongo wa bluu-kijani na tumbo la rangi ya fedha, na ambao baadhi yao huletwa kwa makontena kutoka nje ya nchi wakiwa wameganda tayari, ndio wanaostahili kuwekwa mbele ya vyote: wana mafuta mengi yenye faida mwilini, miiba yao ni rahisi kuiondoa, na kwa kuwa huuzwa wazima na kwa umbo dogo, mtu anaweza kununua wawili bila kuona haya. Sato na sangara wa Ziwa Victoria hufuata. Sangara, ambaye hakuwa wa asili katika ziwa hilo bali aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, minofu yake husafirishwa kutoka viwanda vya Mwanza hadi Ulaya, na mifupa inayobaki na vichwa, ambavyo huitwa mapanki, ndivyo vilivyowahi kuwa chakula cha wale ambao minofu iliwapita. Miongoni mwa sehemu za kuku wa kisasa, yaani kuku wa nyama wanaofugwa kwa wiki chache, firigisi ni ununuzi mzuri kuliko mapaja, kwa kuwa hazina mfupa na kila gramu inayolipiwa huliwa. Chipsi za kugandishwa zinazouzwa katika maduka makubwa hazina nafasi katika orodha ya vitu vya nafuu. Viazi vya Njombe na Iringa hufika Dodoma vikiwa vizima na vibichi kwa barabara ya Mtera, na anayelipia viazi vilivyokatwa na kugandishwa mbali analipia kazi ya kisu ambayo angeifanya mwenyewe kwa dakika kumi.

Namna ya kumwandaa kibua inastahili kuelezwa, kwa sababu samaki wengi wazuri huharibiwa jikoni. Hayeyushwi juani wala katika maji ya moto, ambayo huilegeza nyama ya nje na kuwaalika bakteria ilhali katikati pangali pagumu kama jiwe. Huachwa ndani ya mfuko wake uliofungwa na kutumbukizwa katika beseni la maji ya baridi, mpaka mkia ukubali kupinda ukishikwa kwa vidole. Kisha hupasuliwa, husafishwa hadi ule utando mweusi wa ndani ya tumbo utoke, huchanjwa mikato mitatu kila ubavu, hupakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, na kuachwa kidogo kabla ya kukaangwa. Akimaliziwa kwa nyanya na vitunguu, akaandikwa pamoja na ugali wa uwele na bakuli la mlenda, sahani hiyo moja huwa imekutanisha akiba iliyotunzwa kwa jua la uwanda huu na akiba iliyotunzwa kwa baridi ya mashine.

Baadhi ya wataalamu wa matumizi ya nyumbani hushauri kwamba kila familia inunue friza yake ili inunue vyakula kwa jumla. Ushauri huo una kasoro kwa mazingira haya. Friza ndogo ya nyumbani inaweza kutumia takriban uniti moja ya umeme kwa siku, yaani uniti zipatazo 30 kwa mwezi, na familia iliyo katika kundi la D1, ambalo ni la wateja wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi na ambao hulipa bei ya chini kwa kila uniti, inaweza kwa mashine hiyo moja kuvuka kikomo na kuhamishiwa kundi la bei ya juu, ikajikuta inalipia zaidi hata taa na redio. Nafuu ya samaki wa jumla ingekuwa imemezwa na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ni busara zaidi friza ibaki dukani, ambako gharama ya umeme hugawanywa kwa wateja mia, na kila mteja achukue nusu kilo ya siku hiyo. Kupima nusu na robo si alama ya umaskini wa mteja. Ni mfumo wenye akili wa kugawana mashine moja, na muuzaji anayekubali kupima robo kilo anafanya kazi ya heshima kwa mtaa wake.

Lakini mfumo huo husimama juu ya mizani, na hapo ndipo penye dosari. Samaki wanaogandishwa kiwandani huchovywa katika maji ili wapate ganda jembamba la barafu linalowakinga wasikauke na kuungua kwa baridi, yaani wasipate yale mabaka ya kijivu, makavu kama karatasi, yanayoonekana kwenye nyama iliyokaa friza muda mrefu bila kufunikwa vizuri. Ganda hilo ni la haki likiwa jembamba. Likiwa nene, au samaki wakiwa wamemwagiwa maji na kugandishwa kama tofali, mteja hununua maji kwa bei ya kitoweo: kilo yenye gramu 200 za barafu ni gramu 800 tu za samaki, na kama bei ni shilingi 8,000 kwa kilo, basi mteja aliyedhani amelipa 8,000 amelipa kwa hakika 10,000 kwa kila kilo ya samaki. Hasara hiyo humwangukia kwa uzito zaidi anayenunua kidogo kidogo kila siku, ambaye ndiye asiye na pesa za kupoteza.

Wakala wa Vipimo, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2002 ambayo hufanya kazi chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hukagua mizani, na kazi hiyo ni njema. Ila mizani iliyo sahihi kabisa itapima barafu kwa usahihi uleule inaopima samaki. Kinachohitajika ni ukaguzi wa kinachowekwa juu ya mizani. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, nalo lina sehemu yake, kwa kuwa baridi haiui bakteria bali huwalaza tu, na samaki aliyeyeyuka usiku umeme ulipokatika kisha akagandishwa tena asubuhi huwa amewaamsha na kuwapa saa nyingi za kuzaliana. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushika baridi kwa saa zipatazo 48 baada ya umeme kukatika, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Muuzaji aliyefundishwa jambo hilo hatakuwa akifunua mfuniko kila mara kutazama, na hatakuwa na sababu ya kuuza alichokitilia shaka. Mteja kwa upande wake anaweza kuangalia alama tatu zisizohitaji maabara: chembe za theluji zilizojaa ndani ya mfuko, maji mekundu yaliyoganda chini yake, na samaki walioshikamana wakachukua umbo la pembe ya friza. Zote ni ishara kwamba huenda bidhaa iliwahi kuyeyuka.

Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia Jiji la Dodoma watu 765,179, kutoka 410,956 wa mwaka 2012, na makorongo yake hayajaongeza hata samaki mmoja kwa ajili ya walioongezeka. Bwawa la Mtera, lililo katika Mto Ruaha Mkuu, kiasi cha kilomita 120 kusini, hutoa perege na kambale, lakini haliwezi peke yake kulisha jiji la ukubwa huo. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma na ambayo ujenzi wake unaendelea kuelekea Mwanza, itaunganisha jiji hili na bahari na ziwa kwa pamoja; wapangaji wake, ambao wizara zao ziko hapa hapa Mtumba, wanaombwa kuweka mabehewa yenye baridi katika mipango ya sasa, kabla ratiba za mizigo hazijazoeleka bila hayo. Na kabla ya reli kufika Mwanza, Wakala wa Vipimo na TBS wapite pamoja katika mabucha ya samaki ya Dodoma, wachukue kilo moja kutoka kila friza, waisubiri iyeyuke, wamwage maji, kisha wapime upya.