Asiye na Hatia Hana la Kuogopa?

Kila itufikiapo habari ya mtu mweusi aliyesimamishwa na polisi huko Marekani, akapekuliwa mbele ya wanawe, akadhalilishwa au hata akauawa, hapakosi miongoni mwetu, ikiwa ni hapa pwani au katika nyumba za jamaa zetu waliohamia huko, mtu wa kusema kwa utulivu kwamba asiye na hatia hana la kuogopa, na kwamba Mwafrika aliyesoma, avaaye kwa staha na kujibu kwa adabu, hataguswa na mtu. Kauli hii huonekana kuwa hekima, na kwa sababu hiyo hudhuru zaidi. Ni ajabu kuisikia kwetu, ilhali katika Kenya ya mkoloni, kuanzia mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuning'iniza kipande shingoni, na asiyekuwa nacho alipodaiwa aliadhibiwa, hata kama maishani mwake hakuiba sindano ya mtu.

Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyekuwa akiuza soksi na glavu kando ya njia mjini New York, hakuwa na hatia yoyote usiku wa tarehe 4 Februari 1999, aliposimama mlangoni pa nyumba aliyokaa huko Bronx. Askari wanne wasiovaa sare walimdhania kuwa ni mbakaji waliyekuwa wakimsaka; alipotia mkono mfukoni na kutoa pochi, ambayo wao walidai waliiona bastola, wakamfyatulia risasi 41, na 19 katika hizo zikampata. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia huru wote wanne.

Na kama ni elimu na hadhi ndizo kinga, basi zingalimkinga Profesa Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi katika hospitali ya misheni huko Kilimatinde, Tanzania. Julai 2009 alirejea kutoka safari ya China, akaukuta mlango wa nyumba yake umekwama, akausukuma akisaidiwa na dereva. Mpita njia akawapigia simu polisi, na mzee yule, baada ya kuonyesha kitambulisho chake, akatiwa pingu barazani pa nyumba yake mwenyewe. Mashtaka yalifutwa siku chache baadaye. Atasema mtu kwamba profesa alipandisha sauti, kama polisi walivyoandika. Na iwe alipandisha: ni muungwana gani atakayetakiwa, ndani ya kuta zake, athibitishe kwamba si mwizi, asipandwe na hasira?

Upendeleo wa weupe, ambao wengi huukana kwa hoja kwamba wazungu maskini wako tele, umo hapo. Wako kweli, wala umaskini wao si wa kudharauliwa. Lakini upendeleo huu si mali, bali ni ile dhana njema apewayo mtu kabla hajafungua kinywa, asiyoilipia wala kuifanyia jitihada, na ambayo kwa kuwa hajawahi kunyimwa hajui kwamba anayo. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma takriban barua 5,000 za maombi ya kazi kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikilingana na majina yakitofautiana, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, kila walipoitwa wawili wenye majina ya Wamarekani weusi, waliitwa watatu wenye majina ya wazungu. Hapo hata sura haijaonekana, seuze mwenendo.

Barabarani mambo ni hayo hayo. Sisi tulio karibu na ikweta, jua letu huchwa takriban saa ileile mwaka mzima. Kwao, saa moja ya jioni ni mchana wakati wa kiangazi na ni giza wakati wa baridi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipochunguza kumbukumbu za karibu magari milioni 100 yaliyosimamishwa na polisi, walizilinganisha jioni hizo, wakaona kwamba fungu la madereva weusi katika wanaosimamishwa hupungua giza likiingia, askari asipoweza kuutambua vyema uso wa dereva.

Watetezi wa desturi hii, wakiishiwa na hoja, hukimbilia usalama wa raia. Mwaka 2011 polisi wa New York waliwasimamisha watu njiani mara 685,724, wengi mno wakiwa weusi au Walatino, na takriban mara tisa katika kila kumi aliyesimamishwa aliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Yaani zaidi ya mara laki sita mtu asiye na hatia alizuiwa njiani kwa shaka tupu. Mwaka 2013 Jaji Shira Scheindlin alihukumu kwamba jambo hilo, kwa namna lilivyotekelezwa, lilivunja katiba, na kufikia 2017 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 15,000. Waliouawa mjini humo mwaka 2011 walikuwa 515. Mwaka 2017 walikuwa 292. Mji haukuharibika kwa vijana wake weusi kuachwa wapite.