Mambo ya Motokaa: Breki za Land Rover Kuukuu

Gari lisiloweza kupanda mlima humwaibisha mwenyewe, lakini gari lisiloweza kusimama mteremkoni humzika. Neno hilo lawafaa watu wa Embu na Meru kuliko wakaao nchi tambarare. Mito ya Thuci, Nithi, Mutonga na mingine itokayo Mlima Kenya imechimba mabonde marefu ikielekea Tana, na barabara ya kutoka Embu hadi Meru haina budi kuyakata yote. Kila daraja lina mteremko wa kuliendea na mlima wa kuliacha.

Lami haikuondoa hatari hiyo. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni katika daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Msiba huo haukuwa wa kwanza mahali hapo. Ikiwa hali ni hiyo kwenye njia kuu, dereva wa njia ya udongo, mwenye gari lililozaliwa kabla yake, hana ruhusa ya kuzifanyia breki mzaha.

Gari hilo mara nyingi ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, na mengi yaliyofika Kenya katika miaka ya 1950, 1960 na 1970 yangali yakifanya kazi. Kutoka Chogoria magari ya namna hii hupeleka wapanda mlima mpaka lango la hifadhi, lililo karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hurudi matupu au na mizigo. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya dereva na breki zake.

Na kazi hiyo si ndogo. Gari la tani mbili likishuka mita 1,000 kwa wima, nguvu ya kushuka kwake ingetosha kuchemsha karibu madebe matatu ya maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu huchukuliwa na injini, sehemu na upepo, na inayobaki huingia katika dramu za chuma zilizo ndani ya magurudumu. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, kanyagio huzama, na viatu vyenyewe hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu zote, na gari huendelea kama halikusikia.

Na iwe mfano. Mzee mmoja wa Chogoria ana Land Rover fupi ya inchi 88, nayo imetiwa injini mpya ya dizeli yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Inapanda vizuri mno. Lakini siku moja ya mvua, akishuka na magunia ya viazi, kanyagio likamgusa sakafu, na lililomwokoa ni tuta la udongo kando ya njia. Kesho yake akaenda gereji na fedha mkononi.

“Kijana wangu,” akasema, “nataka uniwekee breki za diski kama za magari ya siku hizi.”

“Diski ni nzuri, mzee,” fundi akajibu, “lakini kwanza niruhusu nitazame zilizopo. Nikikufungia kitu kipya juu ya ugonjwa wa zamani, nitakuwa nimekula fedha zako bure.”

Fundi huyo alisema kweli, na mpango wake wafaa kufuatwa na kila mwenye gari kuukuu.

Kwanza alilisikiliza kanyagio, kwa maana kanyagio lina lugha yake. Likiwa laini kama sifongo, mna hewa ndani ya mabomba. Likishika kwa kukanyagwa mara ya pili, yaelekea viatu viko mbali na dramu na vyahitaji kusogezwa kwa skrubu iliyo nyuma ya gurudumu. Likizama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mafuta yanayomwagika nje, raba za silinda kuu zimechoka. Gari likivutwa upande mmoja, upande ule mwingine haufanyi kazi yake: pengine pistoni imekwama, pengine viatu vimelowa mafuta.

Baadaye alifungua magurudumu yote manne, wala si lile moja lililoshukiwa. Vumbi lililokuwamo hakulipuliza kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau kazi hiyo. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa maji, akakitupa kitambaa chenyewe.

Katika gurudumu la nyuma alikuta viatu vimelowa mafuta ya akseli yaliyopita katika sili iliyochakaa. Wako watu wanaoviosha viatu hivyo kwa petroli au kuviunguza motoni, kisha huvirudisha. Hiyo ni akiba ya siku mbili, maana mafuta yaliyokwisha kuingia ndani hurudi juu mara breki zinapopata joto. Sili hubadilishwa kwanza, kisha viatu hubadilishwa pande zote mbili za akseli ile, ili gari lisivutwe.

Bomba moja la chuma lilikuwa limeliwa na kutu mahali lilipofichwa na tope. Mipira inayoelekea magurudumuni ilionekana mizima kwa nje, lakini mmoja ulikuwa umevimba ndani: mafuta yakapita kwenda na yasirudi upesi, na breki ikawa inashika hata mguu ukiondolewa. Mipira ya umri mmoja hubadilishwa yote pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili aliyekawia huenda asipate nafasi ya kuujenga.

Mafuta ya breki nayo yana siri yake. Hunyonya unyevu wa hewa siku zote, hata katika gari lililosimama. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa: ndipo kanyagio linapogusa sakafu katikati ya mteremko. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi dukani haifai. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, hata tone, kwa kuwa huvimbisha raba zote. Baada ya kutia mafuta mapya, hewa hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali kabisa na silinda kuu.

Breki ya mkono ya Land Rover ya zamani nayo ina tabia yake. Haishiki magurudumu, bali hushika propela inayokwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliachia lile jingine lizunguke, na gari laweza kuondoka juu ya jeki ijapokuwa breki ya mkono imevutwa. Kadhalika shafti ya akseli ikikatika, breki hiyo haina kazi. Jiwe kubwa mbele na nyuma ya gurudumu lililo chini ni la lazima.

Kazi hizo zilipokwisha, na breki za zamani zikashika sawasawa, ndipo fundi na mzee walipoketi kuzungumza juu ya kuongeza nguvu. Hapo iko njia zaidi ya moja.

Iliyo rahisi ni kuondoa breki za mbele za inchi 10 za gari fupi na kufunga za inchi 11 za gari refu la inchi 109. Hizo zina viatu viwili vinavyojivuta vyenyewe gari liendapo mbele, hivyo hushika vizuri zaidi. Ila silinda kuu ilingane nazo, ama sivyo kanyagio litakwenda mbali mno. Ijulikane pia kwamba gari likirudi nyuma, breki za namna hiyo hupungua nguvu. Aliyeshindwa kupanda kilima chenye utelezi asilale usingizi akidhani zitamshika kama kawaida.

Njia ya pili ni silinda kuu yenye vyumba viwili. Katika magari mengi ya zamani mabomba yote ni ya mfumo mmoja, na bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Mifumo ikiwa miwili, mmoja ukifa mwingine hubaki. Haiongezi nguvu ya kushika, lakini huongeza maisha, na mwenye fedha kidogo afikirie hilo kabla ya diski.

Njia ya tatu ni buli ya kusaidia mguu, ifanyayo kazi kwa mvuto wa hewa ya injini. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kama ya petroli, hivyo sharti iwe na pampu yake ya kuvuta hewa. Anayefunga buli bila pampu amefunga pambo.

Diski zenyewe, ambazo Land Rover ilianza kuziweka mbele katika gari la One Ten la mwaka 1983, hupoa upesi na hukauka upesi baada ya kuvuka maji. Lakini zahitaji nguvu zaidi ya mguu, yaani buli, na mchanga wa tope hula vibao vyake. Kuzifunga katika akseli ya zamani ni kazi ya fundi anayeijua. Vipande vya kuchomelewa kwa kubahatisha visiruhusiwe katika breki, na gari lililobadilishwa lijaribiwe tupu, mahali tambarare, kisha lipelekwe kukaguliwa kabla ya kubeba mtu.

Mzee alihesabu fedha zake. Akachagua breki za inchi 11 na silinda ya vyumba viwili, akaacha diski.

“Na mteremko, mzee?” fundi akauliza. “Utaushuka kwa gia gani?”

“Kwa ile niliyopandia,” mzee akajibu, “au ndogo kuliko hiyo. Nitaiingiza juu kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati.”

Hilo ndilo jibu linalopita vyuma vyote. Gia ndogo huifanya injini ishike gari, na breki hubaki baridi mpaka zitakapohitajiwa. Baada ya kuvuka mto, dereva huzikausha kwa kukanyaga kidogo kidogo akiwa mwendo wa pole. Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza kupanda, hulikanyaga kanyagio gari likiwa limesimama, akalisikiliza linasema nini.