Mchekeshaji wa Mfalme na Jicho la Mganga

Katika makumbusho ya Prado, mjini Madrid, imo picha ya Francisco Lezcano, mmoja wa wachekeshaji wa kasri la Mfalme Felipe IV wa Hispania. Aliichora Diego Velázquez katika karne ya 17. Kijana ameketi penye mwamba, kichwa kimelala upande, mguu mmoja umenyooshwa mbele. Nyuma yake ni milima. Kazi yake ilikuwa kumtumikia na kumfurahisha mwana wa mfalme.

Madaktari kadhaa wameitazama picha hiyo wakatoa hukumu: uso mpana, kope nzito, mdomo ulioachama kidogo, basi huyu alidumaa akili kwa upungufu wa madini joto tangu tumboni. Huenda ni kweli. Lakini rangi haina damu ya kupimwa, wala hakuna mama wa kuulizwa habari za mimba yake. Velázquez, kwa maoni yangu, alitutangulia kwa ustaarabu: aliupa uso ule uangalifu uleule aliowapa watoto wa mfalme.

Mbinga nako kuna milima. Mvua za Umatengo zimeosha miteremko kwa karne nyingi, na ardhi ya namna hiyo hupungukiwa madini joto, hata pale ngoro zinapouzuia udongo. Rovu si ugeni katika Nyanda za Juu Kusini. Kushuka Mbamba Bay au Liuli nako si kinga. Usipa ni chakula bora, lakini samaki wa ziwani hana madini joto kama wa baharini; na muhogo usioandaliwa vema huizuia tezi ya shingo isiyatumie hata hayo machache.

Kwa hiyo jicho la kutafuta ugonjwa tunalihitaji. Ninachokipinga ni haraka yake. Mtoto aliyechelewa kukaa au kusema hupewa jina mlangoni, kabla ya kipimo chochote: zezeta. Mama amelisikia. Siku ya kurudi haonekani, na mtoto anabaki nyumbani. Pengine alikuwa kiziwi tu, na hakuna aliyempima masikio. Pengine tezi yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Mtoto wa namna hiyo akianza dawa katika majuma ya kwanza aweza kukua na akili zake timamu, lakini akicheleweshwa miaka mitatu, dawa haitarudisha yote. Neno moja la mhudumu limekula miaka hiyo.

Nanyi wazazi, tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Hata hivyo chumvi ya mawe isiyo na nembo ingali inapimwa magengeni kwa kikopo. Nunueni iliyofungwa, ihifadhiwe penye mfuniko mbali na jua na unyevu, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mwanamke anayetarajia kushika mimba asingoje kliniki ya kwanza ndipo aanze kuitumia.