Bomba la EACOP: mteja wa benki wa Butembo ana sauti gani?

Huko Ulaya, waandamanaji walisimama mbele ya benki wakidai zisikopeshe EACOP, bomba la kilomita 1,443 litakalopeleka mafuta ya Ziwa Albert toka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania. BNP Paribas, Société Générale, HSBC na Barclays zilijitenga na mradi huo.

Basi pesa zikatafutwa karibu zaidi. Mwezi wa Machi 2025, EACOP ilitangaza mkopo wa benki kadhaa, ikiwemo KCB Uganda. Hapo ndipo mkaaji wa komini ya Bulengera anaguswa: tangu mwisho wa 2022, kundi la KCB la Kenya linamiliki asilimia 85 ya TMB, benki ya Kongo. Tuelewane: mkopo umetoka KCB ya Uganda, siyo TMB. Lakini mwenye benki hizo ni mmoja, na ziwa ni letu pia. Wavuvi wa Ituri wanavua ng'ambo ya visima vya Kingfisher.

Muuza mboga wa Bulengera mara nyingi hana akaunti ya kufunga. Akiba yake iko kwenye likirimba, coopec ao simu. Nguvu iko kwa wafanyabiashara wakubwa wanaolipia bidhaa za China na Dubai kupitia benki.

Na shinikizo siyo jambo geni huku. Mwaka 2014, SOCO ya Uingereza ilikubali kuacha kutafuta mafuta Virunga, na 2015 Kanisa la Uingereza likauza hisa zake katika kampuni hiyo. Wafanyabiashara wa Butembo, wakiuliza pamoja kupitia FEC pesa zao zinakopeshwa nani, benki italazimika kujibu.