KIBOKO: MNYAMA, FIMBO AU SIFA?

Ndugu msomaji, mwulize mwanafunzi yeyote hapa Isiolo kiboko ni nini. Kabla hajamkumbuka mnyama wa mtoni, atajishika makalio! Kwa nini?

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kiboko ana ngozi nene mno. Zamani ngozi hiyo ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa na kuwa mjeledi, nao mjeledi ukarithi jina la mnyama. Huko Tanganyika, enzi za Wajerumani, ulitumiwa kuwachapa vibarua na wafungwa. "Hamsa ishirini" ilikuwa adhabu ya viboko 25. Neno lilipoingia shuleni, ngozi ilibaki nyuma. Tawi la mti likaitwa kiboko, kipande cha mpira wa maji pia kiboko, na hata pigo lenyewe likaitwa kiboko.

Sarufi yetu lakini haidanganyiki. Tunasema "kiboko ameingia majini" lakini "kiboko kimevunjika". Mwenye uhai anajulikana.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa kiranja. Mwalimu akitoka, mimi naandika majina ya wapiga kelele. Siku moja niliandika jina la jirani yangu wa dawati. Kosa lake? Aliniomba kifutio kwa Kiborana. Akala viboko 4. Hakulia. Ila hakuniomba kitu tena mpaka tukamaliza shule.

Kuna watakaosema mchelea mwana kulia hulia yeye. Naam, methali ni ya kweli, lakini haikutaja fimbo! Mtoto huonywa, huelekezwa, hata hupewa kazi ya kufyeka nyasi. Isitoshe, Tangazo la Kisheria nambari 56 la mwaka 2001 liliondoa viboko katika shule za Kenya, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kabisa adhabu ya kumwumiza mwanafunzi. Mbona basi bado tunasikia "leo mtakula kiboko"?

Maoni yangu ni haya: neno tusilitupe. Vijana tumeshalipa kazi nyingine. Mchezaji hodari tunamwita "kiboko yao!" Libaki hapo uwanjani, libaki kwenye kamusi na mtoni. Migongoni mwetu litoke.

Na wewe jirani yangu, popote ulipo, nisamehe. Kelele ile haikuwa kelele.

Mwanachama, Kidato cha Tatu